Hereni Kumi na Moja

Masunga alileta kumi na moja kutoka Usagara,
mashine ikaandika tisa.
Akawarudisha, akahesabu kwa fimbo, pembe kwa pembe,
mashine ikaandika saba.
Akanitazama kama mtu aliyewakalia ng'ombe wake wanne.

Mimi ndiye Nkwimba wa mitambo.
Milango mitatu ya chuma niliifunga mwenyewe, bolti kwa bolti,
pale mnadani Nyakato, vichochoro vitatu sambamba,
hatua nne kutoka mmoja hadi mwingine,
upepo wa ziwa ukileta harufu ya dagaa juu ya harufu ya samadi.
Mlango ukiwa peke yake haukosei.
Jumapili nilimpitisha ndama mmoja mara ishirini: ishirini.
Alhamisi, ng'ombe mia nne, milango yote imewashwa,
kila mlango kiziwi.

Meneja Bwire akasema: punguza nguvu.
Nikapunguza. Mlango ukamsikia ng'ombe
pale tu alipoulamba.
Akasema: weka mabati katikati.
Mabati yakapiga kelele, ng'ombe wakagoma kuingia,
fahali mmoja wa Magu akaondoka na bati pembeni,
pembe ya kushoto.

Usiku nikakaa na chombo cha kuchungulia mawimbi
kwenye kibanda cha karani, tochi mdomoni,
nikaona.

Hereni ile ya njano haina betri.
Lazima inyweshwe kwanza:
mlango humwaga mawimbi, milisekunde hamsini,
hereni inakunywa, inashiba,
mlango unanyamaza,
na katika ukimya ule, ishirini tu,
kupepesa jicho ni safari ndefu kuliko hapo,
hereni inanong'ona namba yake.
Na papo hapo jirani, hatua nne,
anamwaga ya kwake kwa ng'ombe mwingine:
mto mzima juu ya mnong'ono.

Utotoni Kisesa niliwaona Bagika na Bagalu
wakicheza uwanja mmoja, ngoma kwa ngoma,
kila upande ukivuta watu kwa kelele na dawa na nyoka,
nasi watoto tukikimbia huku na huku
bila kusikia wimbo hata mmoja hadi mwisho.

Nilidhani dawa ni zamu: huyu aseme, yule angoje.
Lakini ng'ombe hangoji zamu.
Mkia unapiga nzi, ameshapita,
zamu inafika kichochoro kitupu.

Si zamu, basi. Ni pumzi.
Wote wamwage pamoja,
wote wanyamaze pamoja.
Kelele yangu isiangukie sikio lako;
iangukie kelele yako, huko haina hasara.

Nikashuka Makoroboi, nikanunua waya, mita arobaini,
nikapunguziwa mia tano kwa ajili ya matope ya buti zangu.
Mlango wa kwanza nikaupa filimbi.
Haupigi kelele kuliko wenzake, unasema tu: sasa.
Wawili wanafuata. Sasa. Kimya. Sasa. Kimya.
Mara kumi na nne kila sekunde.
Kwenye kioo cha chombo, vilima vilivyokuwa vikikanyagana
vikasimama mstari mmoja,
na kati yao mabonde, matupu kabisa.
Nikalia kidogo. Usingizi, labda.

Alhamisi Masunga akarudi, hakunisalimu.
Akawapitisha wote, taratibu, kama anayepanga mtego.
Kumi na moja.
Akasogea, akaigusa namba kwa ukucha.
"Na yule mwekundu, aliyechanika sikio?"
"Huyo hana hereni."
"Basi ni kumi na wawili," akasema,
akacheka, meno yote nje, mara ya kwanza.

Nyamizi karani akamwandika wa kumi na mbili kwa kalamu.
Nje, fahali alikuwa amesimama juu ya waya wangu.