Theluthi ya Tatu

Tiketi sijalipa bado. Juu ya meza, hapa Katuba,
kadi yangu mpya ya kuzamia, inanuka plastiki,
ramani ya pango la Meksiko lililojaa maji,
na bukari inayopoa.

Mama anauliza tena:
"Baba yako alilipwa ndipo akashuka Kipushi.
Wewe unalipa?"

Namweleza hewa. Theluthi ya kwenda,
theluthi ya kurudi,
ya tatu huigusi: ni ya mwenzako akikwama.
Anaigawa bukari kwa mwiko, mara tatu,
fungu moja analifunika.
"Hili la Ngosa." Ngosa, kama kawaida, hajarudi.

Mwalimu kaandika: kwa kadi hii, mwisho wako
ni pale unapouona bado mwanga wa mchana.
Nimepiga mstari chini ya "mchana".
Mama hajui kusoma Kifaransa, ila mstari ameuona.

Usiku ananiletea jetoni ya shaba, 417,
ile Baba aliyoitundika ukutani mwa mgodi
kila alipotoka salama.
Na kamba ya kiatu, niitungie.
Hasemi nenda. Hasemi baki.
"Ukitoka humo," anasema, "nipigie,
nywele zikiwa bado mbichi."