Dakika Tatu

Taa ya kijani.
Jina na anwani kwanza, ndiyo kanuni ya hapa Lewiston:
Nzigire Mapendano, mtaa wa Bartlett, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la matairi.
Bi. Ouellette, mwenyekiti, habari za jioni.
Nimetoka zamu, dobi la hospitali;
mikono bado yanuka klorini. Mtanisamehe.

Nimekuja na bajeti yenu, kurasa mia mbili na kumi na nne.
Nimeisoma kwenye basi, wiki tatu, kwenda na kurudi,
kamusi mapajani.
Ukurasa wa themanini na nane, mstari wa mwisho:
vibanda vitatu vya abiria, dola elfu sitini na mbili.
Jumapili nikavaa buti, nikaenda kuvihesabu.
Nikapata kimoja.
Nacho hakina kioo: theluji huingia, hukaa kwenye benchi
kama abiria aliyelipa nauli.

Simwiti mtu mwizi.
Mwizi ni neno zito, lataka ushahidi,
na ushahidi mnao ninyi, kabatini.
Nauliza tu: viwili viko wapi?

Nilikozaliwa, swali kama hili
lilimtoa kaka yangu kitandani usiku wa manane.
Hapa linanikosesha chakula cha jioni, basi.
Msidhani sioni tofauti. Naiona, ndiyo maana nimekuja:
mlango usiofunguliwa, bawaba zake huota kutu.

Taa ya njano.
Niharakishe.
Risiti zibandikwe pale ukutani, kando ya mashine ya soda,
kwa herufi ambazo jirani yangu Thibodeau
atazisoma bila kutafuta miwani.
Mkandarasi akiwa shemeji wa diwani, diwani aseme,
aseme kabla ya kura, si baada ya gazeti.
Anayeuliza ajibiwe kwa maandishi, na tarehe juu yake.
Na kikao cha fedha kisiwekwe tena saa nane mchana,
saa ambayo wapanda basi wako kazini
na wapanga basi wana magari.

Kambini Nyarugusu tulisimama foleni ya unga.
Mgawaji alipima mbele yetu, kopo kwa kopo,
akisawazisha juu kwa kijiti ili kila jicho lione.
Sikumbuki akitamka neno demokrasia.
Siku alipofunika kopo kwa kitambaa
tulimbadilisha.

Mali bila daftari, mwenyekiti, hupotea bila

Nyekundu.
Kipaza sauti kimekufa. Nikamalizia kwa koo tupu:
habari.
Viwili. Viko wapi?

Karani, kijana mwenye mafua, alikuwa akiandika.
Nikamsubiri. Nikasoma maandishi yake kichwa chini:
*mkazi ameuliza*, na nukta mbili, na nafasi wazi.

Kisha nikaenda kungoja basi
ndani ya kibanda cha pili,
kile cha ukurasa wa themanini na nane.
Theluji ilinifika magotini.