Sweta za Londiani

Fundi Ambani haamini maneno ya mwenye gari.
Nilimwambia tairi bado zima.
Akachomoa shilingi kumi kwenye mfuko wa shati,
akaisimamisha ndani ya mfereji wa mpira.
Ikabaki nje karibu yote, inang'aa.
"Mama Sweta," akasema, akijipapasa kichwa,
"hili lina upara kunishinda mimi."

Ilikuwa Jumatatu, Nakuru, jua kali, vumbi,
na mimi na haraka zangu: sweta mia moja arobaini
za wasichana wa bweni, Londiani,
ambako Julai haina huruma
na maji ya kunawa huuma vidole alfajiri.
Nilitaka anipe gari na bei ya chini.
Alinipa orodha.

Wipa: mpira umechanika, unalamba matope
na kuyapaka upya.
Betri: unga mweupe umeota vichwani,
akaumwagia maji moto, ukatokota, ukaisha.
Taa ya nyuma, kushoto. Imekufa tangu lini? Sijui.
"Huwezi kujua, kwa kuwa hujifuati," akasema.
"Anayekufuata ndiye anayejua,
na siku atakayokuambia hatatumia mdomo."

Nililipa nikinung'unika,
nikipiga hesabu matairi mawili ni kilo ngapi za uzi.
Akaniongezea bure kipande cha leso
cha kufutia kioo kikitoka jasho,
kimeraruka hata jina lake limebaki nusu:
KAWIA U

Alhamisi nikapanda. Salgaa kulikuwa na jua.
Malori yalishuka yakinuka breki,
nami nimejibana kushoto, sina ugomvi na mtu.
Kupita Mau Summit, dunia ikafutwa.
Si polepole. Kama mwalimu aliyechoka na ubao.
Mikaratusi ikaenda. Mstari wa barabara ukaenda.
Nikawasha taa kubwa, ukungu ukanirudishia
mwanga wote usoni. Nikazishusha.
Nikateremsha kioo cha mlango nisikie
nisichoweza kuona.

Pikapu ya viazi, haina taa hata moja,
ikanipita, honi ikinitukana mpaka ikazama.
Halafu kilio cha matairi. Halafu kimya.
Halafu viazi vikigonga lami, kimoja kimoja,
kama mgeni anayebisha hodi bila kuijua nyumba.

Nilitoka barabarani mpaka majani yakagusa mlango.
Taa za hatari: tiki, tiki, tiki.
Pembetatu nikairudisha nyuma hatua hamsini,
nikizihesabu kwa sauti ili nisikie kuna mtu.
Dereva nilimkuta mtaroni, ameketi, mzima,
kijana anaitwa Kibiwott, fulana tupu, meno yanagongana.
"Kona imehama, mama. Kona imehama."

Nilimvika sweta ya kidato cha nne, kubwa kuliko zote.
Mikono ilimkomea viwikoni.
Nikavaa nyingine mimi. Tukakaa ndani ya gari,
wanafunzi wawili wa bweni, mmoja ana mvi, mmoja ana ndevu,
tukifuta kioo kwa zamu, kila mtu na wasiwasi wake.
Saa nne na nusu mti mmoja ulirudi.
Kisha ua. Kisha ng'ombe, anatutazama tu.

Bi. Tapkigen, matroni, alisimama langoni na daftari.
"Uliahidi saa tatu." Akahesabu. Akarudia.
"Mia moja thelathini na nane."
Kisha akaiona nembo ya shule kifuani pangu,
akanitazama, akatazama barabara nilikotoka,
akafunga daftari. "Uji ungali moto," akasema.

Kabla ya kuondoka nilimwita msichana mmoja,
sweta yake mpya bado ina mikunjo,
nikamwomba asimame nyuma ya gari, mbali kidogo.
Nikaingia, nikakanyaga breki, nikangoja.
"Zote mbili?" nikauliza.
"Ya kulia inawaka!" Akanyamaza. Nikakanyaga tena,
kwa nguvu, kama vile nguvu ingesaidia.
"Na ya kushoto, mama! Na ya kushoto!"