Hasi Saba

Julai ya Nairobi: anga ni sufuria iliyofunikwa,
mwanga wa kijivu, mpole, usio na kivuli cha kudanganya.
Ndio mwanga wa kazi hii.
Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Luthuli,
chini yetu spika za maduka zinabishana.
Nimemwambia Kilonzo asitembee,
maana sakafu hii ya mbao humsaliti kila apitaye,
na kamera, juu ya miguu yake mitatu,
huhisi hata kikohozi.

Mezani, rula ya shule ya mpwa wangu,
imelazwa mshazari, imeegemea kopo la maziwa ya unga.
Kwenye sifuri nimebandika alama nyeusi.
Nalenga sifuri. Nabonyeza nusu.
Lenzi inakoroma kidogo,
kama mtu anayesema "nimeelewa"
kabla hujamaliza kueleza,
na kitaa cha kijani kinawaka: tayari.

Tayari wapi?
Naikuza picha. Sifuri imevaa ukungu.
Kinachokata kama wembe ni tano,
sentimita tano nyuma ya nilipoapa kwamba natazama.

Macho hayana pazia, walinena waliotutangulia.
Hili langu linalo, na hufunguka
kwa sehemu ya mia mbili ya sekunde,
muda wa kutosha kukosea.

Aprili alikuja Makori, fundi wa paa kutoka Kawangware,
kofia mkononi.
Alitaka picha ya mkewe ikuzwe, isimame mbele ya jeneza.
Niliipiga mimi, Desemba, siku chama chao kilipogawana akiba:
Kwamboka ameketi, kichwa kimepinda kidogo,
anamcheka mtu aliye nje ya fremu.
Ikiwa kama kiganja, ilikuwa nzuri.
Picha ndogo husitiri mengi.
Ilipofika upana wa dirisha
macho yake yalikuwa maji,
na begani, safi, hata tundu lake unaliona,
sindano,
na uzi wa bluu unaning'inia.
Mshonaji yule aliisahau hapo, akaja nayo kwenye sherehe.

Makori alitazama sana.
"Uzi huo ni wa ovaroli yangu," alisema.
Kisha, baada ya kitambo:
"Lakini macho hamkuyaona?"

Hamkuyaona. Alitumia wingi, kwa adabu,
ili lawama tuigawane, mimi na mashine.

Basi nageuza. Hasi mbili. Hasi nne.
Kila mara naivuruga lenzi kwanza, naipeleka mbali kabisa,
isije ikajibu kwa mazoea.
Hasi tisa: sasa imekimbilia mbele,
kama karani aliyekemewa jana.
Narudi. Hasi saba.
Sifuri inatoka ukunguni, nyeusi, na kingo zake.
Mara moja ni bahati; napiga kumi.
Nane zinakubali. Mbili zina yao.

Nasogeza stendi hadi ukutani, mita tano,
na uongo unabadilika tena:
hapa ingetaka hasi tatu, pengine mbili.
Kila umbali una kosa lake,
na kisahani hiki kinahifadhi namba moja tu.
Nachagua mita mbili,
umbali wa mtu unayeweza kumwita
bila kupaza sauti.

"Kaa hapo, Kilonzo. Usicheke."
"Sicheki."
Anacheka. Nabonyeza.
Kope, moja moja. Mboni,
na ndani ya mboni dirisha,
na dirishani nyaya za stima zinazopita
kwenda jengo la pili.
Anauliza kama ametoka vizuri.
Sijamjibu. Bado nahesabu kope.

Picha ya Kwamboka ingali kwenye diski.
Hakuna hasi inayorudi nyuma hadi Desemba;
niliitafuta, nikinoa na kunoa kwa kompyuta
mpaka uso wake ukaanza kufanana na karatasi.

Nakata plasta, nabandika ubavuni mwa lenzi,
naandika kwa kalamu ya Kilonzo, inayovuja:
−7. Mita mbili.
Halafu chini yake, kwa herufi ndogo, kwa ajili yangu:
tazama tena.