Sehemu Hii ni ya Lazima

Duka la asali la Bi Kalunde, pale Gongoni, Tabora,
ni mlango mmoja, mizani mbili, ndoo kumi na saba,
na daftari lililovalishwa karatasi ya sukari
ambalo nimeitwa nilihamishie kwenye kompyuta.

Nilianza na jina. La kwanza, la ukoo,
namba ya simu, mtaa anaoishi.
Chini yake, kwa herufi ndogo, nikaandika:
sehemu hii ni ya lazima.

Kisha nikafungua daftari.
"Yule wa treni, kofia."
"Mama Pacha wa Isevya, siyo Mama Pacha wa Cheyo."
"Fundi saa. Apewe iliyoganda, haamini ya maji."

Huyu wa treni ukoo wake nani? nikauliza.
"Ana kofia," akajibu, akaendelea kuchuja.

Basi nikaongeza sehemu nyingine, ndefu, isiyo ya lazima,
nikaiita Anavyojulikana,
na karibu duka zima likahamia humo.

Siku ya nne umeme ukakatika saa tano asubuhi.
Betri yangu ni kuukuu, haina subira.
Yeye aliuza mpaka jioni. Daftari halili luku.

Nilimwonyesha wadaiwa:
akipitisha siku thelathini, jina linawaka jekundu.
Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa.
"Nyekundu ya nini? Kuna mtu kachinjwa?
Huyu Msumba wa Sikonge hajakimbia deni,
anangoja miyombo ichanue,
arine, aniletee debe, tukatane."
Lakini Msumba ni mteja au ni muuzaji?
Nimeweka viduara viwili, uchague kimoja.
"Vyote," akasema. "Na Msumba mpake rangi nyingine."

Nikampaka rangi ya asali mbichi.
Sasa ukurasa mzima wa madeni unang'aa
na ukiutazama kabla ya chai, njaa inakushika.

"Na hiki kitufe?"
Ni Futa. Mteja akihama, au akifariki, unamwondoa.
Alikaa kimya hadi uzi wa asali ukakatika kwenye chujio.
"Bwana Kapela alifariki mwaka juzi.
Wanawe bado wanakuja. Chupa ya baba, wanasema.
Ukimfuta, nitawaandikia kwa jina la nani?"

Kitufe nimekitoa. Ulikuwa mstari mmoja tu wa msimbo,
ukachomoka kama mwiba wa nyuki,
na mahali pake pamebaki pamevimba kidogo:
nafasi tupu, upande wa kulia, ambayo sijui niijaze nini.

Jana usiku, ukurasa wa sitini na mbili,
wino wa buluu uliopauka, nikakuta:
"Kijana wa Mwalimu Nyanzala, yule wa kikohozi.
Chupa moja. Atalipa akikua."

Mwalimu Nyanzala ni mama yangu.
Nikaandika jina langu, la kwanza na la ukoo,
simu, mtaa. Kwenye tarehe ya kulipa
nikaandika: akikua.
Programu ikakataa. Ikataka siku, mwezi, mwaka.
Mimi ndiye niliyeifundisha kudai.

Leo nimempelekea hesabu yangu, laki nne na nusu,
pamoja na wiki mbili za kumfundisha mpwa wake Shoma.
Akaiinamia karatasi, midomo ikihesabu,
akashika kalamu, siyo kipanya,
na chini ya jumla akaandika: toa chupa moja.

"Kwa bei ya zamani au ya sasa?" akaniuliza.

Sijajibu, akaingia mtu mrefu, kichwa wazi, upara unang'aa,
akaomba lita mbili, haraka, treni haimngoji.
Bi Kalunde akainua dumu,
akanigeuzia kompyuta kwa kiwiko.
"Haya," akasema. "Mtafute."