Neno Lisilo na Irabu

Ofisi ya tarjuma, Ruwi, ghorofa ya pili,
juu ya duka la saa zisizokubaliana.
Chai ya karaki imeshafanya utando.
Azzan, mtoto wa kaka yangu, kaja na kitabu cha chuo
kinene kama tofali, macho mekundu:
"Shangazi, tangu Alhamisi niko ukurasa wa kumi.
Wewe lundo hili walimalizaje?"

Nikamwambia: kila karatasi waiamkia
kama uko matangani, mkono kwa mkono, mtu kwa mtu.
Kitabu cha mtihani hakikudai adabu hiyo.
Kipete kwanza. Ungo juu, ungo chini,
vichwa vya sura, aya ya mwanzo, aya ya mwisho,
makapi yaruke, ujue una pishi ngapi za kupika.

Akaingia mteja, Mbulushi wa Maabela,
hukumu ya kurasa arobaini, ataka nambari ya kiwanja tu.
Hapo sisomi. Natia mkono mkobani
kutafuta funguo: leso, siyo; risiti, siyo;
kidole chenyewe chaijua baridi ya chuma.
Ukurasa wa thelathini na moja. Riali tatu. Ahsante, mama.

Azzan akacheka. Akadhani ndiyo siri: mbio.

Nikavuta mtoto wa meza,
nikamtolea nakala ya mkataba wa Zaina Shemndolwa, wa Korogwe.
Mwaka ule, wiki ya Idi, foleni hadi ngazini,
niliupeta.
Nikaona mshahara, nikaona miaka miwili, nikagonga muhuri.
Kifungu cha tisa kilikuwa na neno moja, dogo kama chenga ya jiwe:
mapumziko ya wiki, *ikiridhiwa*.
Sikumsomea. Alitia dole gumba.
Miezi kumi na minne haikuridhiwa hata Ijumaa moja.
Alirudi, hakunitukana.
Mtu alikuwa amemwonyesha: la nne kutoka kulia.
Akaweka kidole juu yake,
yeye asiyejua alifu,
akanisomea mimi.

Tangu hapo mkataba nauchambua kama mchele wa mgeni:
sinia magotini, kiti dirishani, punje kwa punje,
na kwa sauti, mwenyewe akiwa mbele yangu,
maana sikio hushika jiwe
ambalo jicho limeshalimeza.
Wenye haraka waende kwa jirani. Yuko mmoja, bei yake nafuu.

Tulipokuwa tunafunga akauliza ile bahasha ya kaki.

Hiyo haina kasi.
Mama yangu, Wete, aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu
na hakutia irabu; aliona haya
kumfundisha mwanawe kusoma mara ya pili.
Barua ya mwisho, mstari wa mwisho:
*umeniachia*, halafu shini, nuni, ghaini, halafu *wako*.
Shini yake ilibeba *sh*, ilibeba na *ch*.
Basi ni ushungi, ule wa buluu
niliousahau nyuma ya mlango siku ya safari.
Au ni uchungu.

Mimi, mfasiri mwenye leseni na muhuri wa duara,
mwaka wa ishirini na saba huu sijaigongea.
Siku nyingine naisoma ushungi, nikalala.
Siku nyingine, sahani zimeshaoshwa, kiyoyozi kimezimwa,
naisoma vile vingine, polepole,
naimumunya kama kokwa ya tende
ambayo utamu umeshakwisha na huitemi.

"Na sahihi ni ipi?"

Sikumjibu. Nikamsogezea taa.
Akainama, midomo ikimcheza,
kidole kikaenda kulia kwenda kushoto, kikasita,
kikarudi.
Chini, duka la saa liligonga saa moja,
kisha, baada ya kitambo, saa moja tena.

Kitabu chake kinene alikisahau juu ya kiti.
Kesho atakifuata. Nimeshakipeta:
pishi tano, na jiwe moja, sura ya sita.
Nimelikunjia ukurasa.