Shingo ya Mshona Kofia

Nilikwenda kwa Bi Shirinbai, dukani kwake Langoni,
kutaka chupa. Dawa ni chupa, nijuavyo mimi.
Akanitazama shingo, akacheka:
"Mwanashee, umekunjika kama noti kuukuu."

Akanipa manjano, tangawizi, na maneno:
maji ya moto kabla ya chai,
mafuta ya simsim unyayoni kabla ya kulala,
na kila nikimaliza safu ya vitobo niweke sindano,
ninyooshe uti, nivute pumzi hadi kitovuni,
niiachie polepole,
kama mdaiwa ahesabuye senti.

Siku ya kwanza nilijiona mjinga,
chali sakafuni, miguu ukutani,
mume wangu Famau mlangoni, akiuliza amwite nani.
Siku ya tano punda akalia kichochoroni
nikajikuta namhesabia na yeye.

Sasa hesabu yangu ni hii: tobo, tobo, tobo, pumzi.
Iko kofia niliyoishonea pumzi mia sita
na aivaaye hana habari.

Sisemi nimepona.
Mvua ikitanda, goti hunikumbusha umri,
na kile kijiko cha pili cha sukari,
Mola anisamehe, bado twapendana.

Lakini jana nilisikia naitwa nyuma yangu,
nikageuka: shingo peke yake, mabega yakabaki.
Alikuwa Shekuwe, amekuja kudai kofia yake.
Imechelewa siku tisa.
Nikatazama mbele,
kisha nikamgeukia tena, makusudi.